Krismasi Haijipiki

Krismasi ni sikukuu ya ajabu kidogo. Asubuhi ya tarehe 25 Desemba nyumba nyingi huamka na kukuta kila kitu kipo tayari. Nguo za watoto zimepigwa pasi, mchele umechambuliwa, kuku wameshanyonyolewa, vitambaa vya viti vimefuliwa, na wageni wanajua waje saa ngapi. Ukimuuliza mtoto mambo yote haya yametoka wapi, atakwambia ni Krismasi hiyo. Kana kwamba Krismasi ni mtu mwenye mikono miwili! Lakini sote twajua kwamba Krismasi haijipiki, haijifui, wala haijialikii wageni. Yuko mtu aliyelala saa saba za usiku akaamka saa kumi alfajiri. Na katika nyumba nyingi mtu huyo ni mwanamke.

Ukilitaja jambo hili barazani utajibiwa haraka kwamba ndivyo mila ilivyo, tumeikuta na tutaiacha. Jibu hilo linatosha kwa mtu aliyekwisha kula akashiba. Kwa mtu anayetaka kujua, halitoshi. Mila nayo ina tarehe yake ya kuzaliwa, ina wazazi wake, na mara nyingine ina wafanyabiashara walioilea. Leo napenda tuitazame historia ya Krismasi ya nyumbani huko ilikotoka, yaani Uingereza na Marekani, maana mengi tunayoyaona kuwa ni Krismasi yenyewe yalitengenezwa huko. Tutazame jinsi sikukuu hii ilivyotoka barabarani ikaingia jikoni, na jinsi matangazo ya biashara yalivyoikuta humo yakaifungia mlango.

Tuanze zamani. Miaka mia nne iliyopita Krismasi ya Waingereza haikuwa sikukuu ya baba, mama na watoto kuketi pamoja mezani. Ilikuwa sikukuu ya siku kumi na mbili, kuanzia tarehe 25 Desemba hadi tarehe 6 Januari, na mambo yake mengi yalifanyika hadharani. Vijana na vibarua walizunguka kwa makundi, wamejifunika nyuso, wakiimba kwenye milango ya matajiri na kudai chakula na pombe. Tajiri aliyekataa alijua atakachokipata. Kwenye majumba ya wakubwa chakula kilipikwa na majeshi ya wapishi, na wengi wa wapishi hao walikuwa wanaume.

Ulevi na kelele hizo ziliwaudhi Wapuritani, Wakristo wa msimamo mkali waliosema kwamba Biblia haikuitaja siku hiyo. Mwaka 1647 Bunge la Uingereza, likiwa mikononi mwao, liliifuta Krismasi kabisa, na haikurudi rasmi mpaka mfalme aliporudi kwenye kiti chake mwaka 1660. Wenzao waliohamia Massachusetts, huko Marekani, walitunga sheria mwaka 1659 kwamba mtu atakayekutwa akisherehekea Krismasi atalipa faini ya shilingi tano. Sheria hiyo ilidumu hadi mwaka 1681. Nayataja haya ili tuone kwamba watu waliokuwa wakigombania Krismasi wakati ule waligombania barabara, pombe na kanisa. Hakuna aliyemtazama mama wa nyumbani kupima kama sikukuu imefana au haikufana. Alipika, naam, kama alivyopika siku zote, lakini sikukuu haikuwa mtihani wake.

Mtihani ulikuja katika karne ya 19. Mwanahistoria Mmarekani Stephen Nissenbaum, katika kitabu chake The Battle for Christmas cha mwaka 1996, anaeleza vizuri mageuzi hayo. Miji kama New York ilikuwa ikikua upesi. Vibarua walikuwa wengi, na majira ya baridi kazi zilikuwa chache. Matajiri hawakupendezwa tena na makundi ya vijana walevi wakigonga milango usiku. Suluhisho lao lilikuwa kuihamisha sikukuu. Badala ya tajiri kumpa maskini mlangoni, mzazi ampe mtoto wake ndani. Tarehe 23 Desemba 1823 gazeti moja la mji wa Troy, katika jimbo la New York, lilichapa shairi lisilo na jina la mtunzi, ambalo baadaye lilisemwa kuwa ni la Clement Clarke Moore. Shairi hilo lilimwonyesha mzee wa zawadi akishuka kwa bomba la moshi wakati watoto wamelala. Kundi la barabarani likawa limetolewa, na mahali pake akaingia mgeni mmoja mpole asiyedai pombe.

Ndugu wasikilizaji, sikukuu ikihama, kazi yake inahama nayo. Krismasi ilipoingia ndani ya nyumba iliingia katika eneo ambalo, kwa mawazo ya watu wa karne ile, lilikuwa la mwanamke. Mwanamume alikuwa na ofisi, kiwanda na soko. Mwanamke alikuwa na nyumba. Basi bila mkutano wowote kuitishwa, mwanamke akakabidhiwa Krismasi.

Akakabidhiwa pia wa kumfundisha. Mwezi Desemba 1848 gazeti la Illustrated London News lilichapa picha ya Malkia Victoria na mumewe Albert wamesimama na watoto wao kando ya mti wa Krismasi, desturi ya Wajerumani. Miaka miwili baadaye jarida la akina mama lililoitwa Godey's Lady's Book, la Philadelphia, liliichapa tena picha ile. Lakini mafundi wake waliifanyia hila ndogo: walimvua malkia taji, wakamfuta mumewe masharubu. Kwa kalamu ya mchoraji, familia ya kifalme ikageuzwa kuwa familia ya jirani yako. Ujumbe kwa msomaji ulikuwa wazi, kwamba hata wewe, mama wa kawaida, nyumba yako inatakiwa ionekane hivi. Nadhani hilo ndilo tangazo la Krismasi lililofanya kazi kuliko yote, ingawa halikuuza sabuni wala soda. Liliuza kipimo.

Kipimo hicho tunakiona pia katika hadithi maarufu ya Charles Dickens, A Christmas Carol, iliyotoka Desemba 1843. Wengi wanamkumbuka bahili Scrooge. Mimi nawaomba tumtazame mke wa karani Bob Cratchit. Siku ya Krismasi Bob anakwenda kanisani na mtoto wao mgonjwa. Mkewe na watoto wengine wanabaki kuandaa. Mchuzi unapashwa, viazi vinapondwa, sahani zinafutwa. Ukifika wakati wa pudini, mama yule anatoka peke yake kwenda kuitoa, maana hofu imemshika na hataki mtu amwone. Je, kama haikuiva? Kama itavunjika wakati wa kuigeuza? Pudini inatoka salama, na mumewe anaitangaza kuwa ndiyo ushindi wake mkubwa tangu waoane. Dickens aliandika sehemu hiyo kwa upendo na ucheshi. Lakini mwanamke anayetetemeka mbele ya sufuria siku ya kuzaliwa Bwana ni jambo la kufikiriwa.

Katika hadithi hiyohiyo bata bukini wa familia ile hakuokwa nyumbani. Aliokwa kwa mwoka mikate wa mtaani. Maskini wa London hawakuwa na tanuri majumbani mwao, kwa hiyo siku ya Krismasi walipeleka bata wao kwa mwoka mikate, wakalipa kidogo, na watoto wakaenda kumchukua akiwa ameiva. Yaani sehemu nzito ya kazi ilikuwa ya mtaa. Jiko lenye oveni lilipoingia katika nyumba za watu wa kawaida, bata naye alirudi nyumbani. Tuliambiwa ni maendeleo, na kweli ni maendeleo. Ila mtu aliyepokea kazi ya mwoka mikate alikuwa mama.

Mwaka 1861 Isabella Beeton, mwanamke wa miaka 25 tu, alitoa kitabu kikubwa cha kuendesha nyumba ambacho kilikaa katika majiko ya Waingereza kwa vizazi. Humo mna pudini ya Krismasi. Zabibu kavu zitolewe mbegu na kukatwa, mkate usagwe uwe chenga, mafuta ya ng'ombe yakatwekatwe, mayai yapigwe, kisha vyote vichemshwe kwa saa tano au sita. Na siku ya kuliwa pudini ichemshwe tena. Ukisoma unajiuliza, ni mwanamke gani mwenye muda huo? Jibu ni kwamba Bi Beeton aliwaandikia wanawake wenye watumishi. Mwishoni mwa karne ya 19 Uingereza ilikuwa na wanawake zaidi ya milioni moja waliofanya kazi katika nyumba za watu. Mama mwenye nyumba alitoa amri. Aliyetoa mbegu za zabibu alikuwa binti wa watu kutoka kijijini.

Kisha vikaja vita viwili vikuu. Mabinti wakaenda viwandani na maofisini, na baada ya mwaka 1945 mtumishi wa ndani alikuwa kitu adimu katika nyumba za watu wa kati. Tungetegemea kwamba watumishi wakiondoka, na pudini itaondoka. Haikuondoka. Kipimo kilibaki palepale, mikono ndiyo iliyopungua. Mama mmoja akawa mpishi, dobi, mfagizi, mpambaji na mwenyeji, na bado akatakiwa avae gauni zuri na kutabasamu mlangoni.

Hapo ndipo wafanyabiashara walipoingia kwa nguvu. Tusiwaonee, hawakuanzisha wao mgawanyo huu wa kazi. Ila waliukuta, wakaona una faida. Tangu nusu ya pili ya karne ya 19 maduka makubwa kama Macy's la New York yalipamba madirisha yao na kuacha milango wazi hadi usiku majira ya Krismasi. Mnunuzi mkuu alikuwa mwanamke, na aliyemhudumia nyuma ya kaunta mara nyingi alikuwa msichana anayelipwa kidogo, amesimama kutwa nzima.

Waliokuwa wa kwanza kulalamika walikuwa wanawake wenyewe. Florence Kelley, katibu mkuu wa umoja wa walaji wa Marekani ulioanzishwa mwaka 1899, aliandika mwaka 1903 kuhusu dhihaka ya sikukuu inayowachosha wasichana wa madukani na watoto wanaobeba vifurushi usiku. Umoja wake ulihimiza watu wafanye manunuzi mapema mwezi Desemba ili wafanyakazi wapumue. Sikilizeni kilichotokea. Wenye maduka waliichukua kauli ile ya nunua mapema wakaifanya tangazo lao. Neno lililozaliwa kumwonea huruma msichana wa dukani likageuka neno la kurefusha msimu wa mauzo. Mwaka 1912 wanawake wa New York, wakiongozwa na Eleanor Belmont na Anne Morgan, walianzisha chama cha kupinga zawadi zisizo na maana, hasa ile michango ambayo wasichana wa kazi walilazimishwa kutoa kununulia wakubwa wao zawadi. Rais mstaafu Theodore Roosevelt naye alijiunga. Chama hicho hakikudumu miaka mingi.

Matangazo ndiyo yaliyodumu. Kuanzia mwaka 1931 hadi mwaka 1964 mchoraji Haddon Sundblom alimchora Baba Krismasi kwa ajili ya Coca-Cola: mzee mnene, mwekundu, mcheshi, anayepumzika na chupa yake. Watu husema kampuni hiyo ndiyo iliyombuni. Si kweli, alikwishachorwa miaka mingi kabla, na Thomas Nast alikuwa akimchora katika gazeti la Harper's Weekly tangu mwaka 1863. Lakini tumtazame mzee huyu kwa jicho la leo. Zawadi alizochagua mama, akazilipia kwa kuminya matumizi, akazifunga usiku watoto wamelala, asubuhi shukrani zake zinakwenda kwa nani? Kwa mwanamume mwenye ndevu ambaye hata hakanyagi jikoni isipokuwa kula alichowekewa. Sina ugomvi naye, watoto wanampenda. Nasema tu kwamba hakuna mfano mzuri kuliko huu wa kazi ya mtu mmoja kuandikwa kwa jina la mwingine.

Miaka ya 1950 tangazo moja maarufu la Marekani liliwaambia waume kwamba mke akipewa mashine ya kufyonza vumbi asubuhi ya Krismasi atakuwa na furaha siku hiyo na siku zote. Yaani zawadi ya mama ilikuwa ni kifaa cha kazi. Mume alipewa tai, mtoto alipewa mwanasesere, mama alipewa ufagio wa umeme. Hata hivyo wapo watakaosema mashine ilimpunguzia kazi. Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan aliuchunguza utetezi huo katika kitabu chake More Work for Mother cha mwaka 1983. Alionyesha kwamba vyombo vya kisasa vilipunguza zaidi kazi zilizokuwa za wanaume na watoto, kama kupasua kuni na kubeba maji. Kwa mama, kila chombo kipya kilikuja na kipimo kipya cha usafi na upishi, na saa zake za kazi hazikupungua kama ilivyoahidiwa.

Na si kupika na kufagia tu. Mwanzoni mwa mwaka 1979 Theodore Caplow na wenzake waliwahoji watu wazima 110 wa mji wa Muncie, Indiana, kuhusu Krismasi iliyopita, wakahesabu zawadi zaidi ya 4,000. Waligundua kwamba wanawake ndio waliobeba sehemu kubwa ya kuchagua, kununua na kufunga zawadi, hata zile zilizotolewa kwa jina la mume na mke. Mwaka 1987 mwanaanthropolojia Micaela di Leonardo, aliyeishi na kuzungumza na familia za Wamarekani wenye asili ya Italia huko California, aliipa kazi hii jina. Aliiita kazi ya undugu: kukumbuka nani kafiwa, nani hajapigiwa simu, nani aalikwe na nani asikutanishwe na nani, kadi ya shangazi imetumwa au bado. Haina sufuria wala ufagio, ndiyo maana haionekani. Lakini mke akiiacha, ndugu wa mume wanapotea, na mume hushangaa mwaka wa tatu kwa nini wifi na mashemeji hawaji tena.

Di Leonardo aliongeza jambo la haki. Kazi hii si mzigo tu, ni mamlaka pia. Mwanamke anayeshika nyuzi za ukoo ana sauti katika ukoo. Mama wengi hawataki mtu awanyang'anye jiko siku ya Krismasi, maana hapo ndipo wanapoheshimiwa. Tusilidharau hilo. Yule mke wa Cratchit aliogopa, lakini pia alishangiliwa. Swali ni kwa nini heshima ya mtu mmoja ipatikane kwa kuchoka kiasi hicho, na heshima ya mwingine ipatikane kwa kukata nyama mezani.

Jambo hili lilizua mzozo Uingereza mwaka 2012. Maduka ya Asda yalitoa tangazo la televisheni likimwonyesha mama akibeba mti, akiandika kadi, akifunga zawadi, akisafisha, akipika, huku familia imekaa. Anapopata nafasi ya kuketi, anaulizwa jioni kutaliwa nini. Ujumbe wa tangazo ulikuwa kwamba nyuma ya kila Krismasi nzuri yupo mama, na nyuma ya mama lipo duka hilo. Malalamiko zaidi ya 600 yalipelekwa kwenye mamlaka ya viwango vya matangazo. Baadhi ya akina mama walisema tangazo linawarudisha nyuma miaka hamsini. Baadhi ya akina baba, wakiwemo wanaolea watoto peke yao, walisema limewafanya wao kuwa mizigo. Mwezi Januari 2013 mamlaka iliamua kwamba tangazo halikuvunja kanuni. Baadaye kanuni zenyewe zilibadilika. Tangu tarehe 14 Juni 2019 matangazo ya Uingereza yanakatazwa kutumia dhana za jinsia zinazoweza kuleta madhara, na mojawapo ya mifano iliyotolewa katika mwongozo wake ni familia inayochafua nyumba huku mwanamke peke yake akiachiwa kuisafisha.

Mimi kwangu tatizo la tangazo lile halikuwa uongo wake. Lilisema kweli! Nyumba nyingi ndivyo zilivyo. Tatizo ni kwamba lilikuwa na jicho la kuona mzigo na halikuwa na mkono wa kuupokea. Lilimsifu mama ili aendelee kununua. Na sifa, ndugu zangu, ni ujira wa bei rahisi kuliko wote.

Watu wa kale walikuwa na hesabu bora kuliko matangazo yetu. Nitatoa mifano miwili. Wa kwanza ni Ireland. Huko, hasa katika majimbo ya Cork na Kerry, tarehe 6 Januari, siku ya mwisho ya Krismasi ya zamani, huitwa kwa lugha yao Nollaig na mBan, maana yake Krismasi ya Wanawake. Kwa desturi siku hiyo wanaume walishika kazi za nyumbani, na wanawake wakatoka kutembeleana, kunywa chai na kula vilivyobaki vizuri. Desturi hiyo imefufuka miaka ya karibuni. Waweza kusema siku moja kwa siku kumi na mbili ni malipo madogo. Ni kweli. Lakini angalau palikuwa na daftari, na deni liliandikwa.

Mfano wa pili tunao wenyewe kwenye kalenda. Tarehe 26 Desemba tunapumzika kwa jina la Boxing Day, na wengi hudhani ni habari ya ngumi. Chimbuko lake ni kisanduku cha zawadi. Waingereza waliwapa watumishi na mafundi zawadi ya Krismasi, na Samuel Pepys, ofisa wa serikali huko London, aliandika katika shajara yake Desemba 1663 kwamba alitia kitu katika kisanduku cha vijana wa fundi viatu wake. Watumishi wa majumbani walifanya kazi tarehe 25 ili mabwana wale, kwa hiyo tarehe 26 walipewa kisanduku na ruhusa ya kwenda kwao. Sheria ya mwaka 1871 ikaifanya kuwa sikukuu ya benki huko Uingereza, nasi tukairithi pamoja na utawala wao. Tulirithi mapumziko, tukasahau kisanduku.

Hapa ndipo historia hii inapogonga mlango wetu. Krismasi ya nyumbani, yenye mti, kadi, picha ya mama mwenye aproni na sufuria linalofuka mvuke katika tangazo la mafuta ya kupikia, ilitufikia ikiwa imekwisha kutengenezwa. Sisi tuliongeza pilau, chapati, mbuzi na safari ya kwenda kwetu, mabasi yakijaa kuelekea Moshi, Arusha, Mbeya na kwingineko. Mgawanyo wa kazi tukauacha ulivyo. Mwanamume anachinja mbuzi na kuchoma nyama uani, kazi ya saa mbili yenye watazamaji na vinywaji. Kinachobaki, kuanzia matumbo ya mbuzi huyo hadi masufuria ya saa nne usiku, si chake.

Najua atakayenijibu kwamba baba naye ana mzigo wake: nauli za watoto watano, nguo mpya, soda, na karo za Januari zinamsubiri. Ni hoja nzito, nami siipuuzi. Lakini siku hizi nyumba nyingi za mjini fedha hiyo inatoka mifuko miwili. Mama anauza duka, anafundisha, anahudumu hospitalini, na mshahara wake umo ndani ya pilau ile. Mfuko umekuwa wa wote, jiko limebaki la mmoja.

Tena jiko hilo lina mtu mwingine ambaye hata tangazo la Asda halikumwona. Ni dada wa kazi. Mama wa mjini aliyechoka ana njia ya kujiokoa ambayo mama wa Uingereza aliipoteza vita vilipokwisha: anamwachia mzigo binti wa watu. Desemba ikifika, binti yule anaambiwa asiende kwao mpaka wageni waondoke. Anapika Krismasi ya watoto wasio wadogo zake, wakati mama yake huko kijijini anatazama barabara. Tukimhurumia mama bila kumtazama binti huyu, tutakuwa tumeutoa mzigo kwenye bega moja tukautwika jingine lililo jembamba zaidi. Ndiyo ile hadithi ya Bi Beeton na mbegu za zabibu, imehamia Kinondoni na Buruburu.

Basi tufanyeje? Sisemi tuifute sikukuu kama Wapuritani; wao walijaribu, na Krismasi ikawazika. Wala sisemi tuwapige marufuku wenye matangazo, ingawa si vibaya nao wakajifunza kumwonyesha baba akisugua sufuria bila kumfanya kichekesho. Nasema turudishe daftari. Wiki moja kabla ya sikukuu, nyumba ikae chini na karatasi. Ziandikwe kazi zote, na zile zisizoonekana pia, za simu, za kukumbuka na za kualika. Kila kazi ipewe jina la mtu, na watoto wa kiume wasirukwe, maana kijana wa miaka kumi na minne anayeweza kuosha pikipiki anaweza kuosha sahani. Kazi isiyopata jina ifutwe. Kama hakuna wa kukaanga aina ya tatu ya kitafunio, wageni watakula aina mbili na hawatakufa. Dada wa kazi apewe likizo yake ya kweli na nauli yake mkononi, au kama amekubali kubaki, alipwe siku hizo na aketi mezani na wengine.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kama mgeni tu anadaiwa jembe siku ya tatu, mwenye nyumba aliyekaa sebuleni miaka ishirini anadaiwa nini?